Steringi Hafi, Mtoto Je?

Kila aliyekulia karibu na banda umiza anaijua sheria hii: steringi hafi. Iwe Manundu kule Korogwe au Chanika hapa Handeni, tulilipa kiingilio, tukabanana kwenye mabenchi, na sauti ya mtafsiri ikatueleza kila alichofanya Mmarekani kwenye runinga. Filamu za kutegua mabomu zilikuwa na utamu wake. Saa inahesabu kurudi nyuma, jasho linamtoka steringi, haya, waya mwekundu au wa bluu? Banda zima kimya, hata mtafsiri. Mkasi unakata, saa inasimama imebaki sekunde moja, na sisi tunapiga makofi kana kwamba tumeokoka wenyewe.

Nataka kuzijadili filamu hizi kwa uzito, kwa sababu wengi wetu hatujapata elimu nyingine yoyote ya mabomu. Na kwa maoni yangu ni elimu mbaya. Kutia chumvi si kosa lake. Hadithi gani haitii chumvi? Kosa lake ni kwamba inaufundisha mkono kugusa.

Tuchukue iliyo bora kati yake, tusionekane tunapiga vibonde. The Hurt Locker ya Kathryn Bigelow ilitoka 2008, na mwaka 2010 ikaondoka na tuzo sita za Oscar, ikiwamo ya filamu bora. Inafuata kikosi cha Marekani cha kutegua mabomu mjini Baghdad. Mhusika mkuu, Sajenti William James, ana kipaji na kichaa kwa kiwango kilekile. Katika tukio moja anaufuata waya uliofukiwa, anauvuta kwa mkono, na mabomu mengine yanachomoza kutoka mchangani yakiwa yamemzunguka. Katika jingine anavua vazi la kujikinga na kuendelea na kazi bila hilo, huku wenzake wakihangaika. Chini ya kitanda ana boksi la vipande vya mabomu yaliyonusurika kumuua.

Bigelow hamsifii mtu huyu. Anatuonyesha kwamba vita ni kilevi na James ni mlevi wake. Lakini kamera yake inaipenda mikono ya James kuliko inavyoupenda ujumbe huo. Inaisogelea, inaifuata kidole kwa kidole. Kwenye banda umiza hakuna anayeona ugonjwa. Tunamwona steringi, na steringi hafi. Hapo ndipo umbo la hadithi linapoishinda nia ya mwandishi.

Ukigeukia historia ya utafiti wenyewe, utaona kwamba wanajeshi na mafundi wamehangaika kwa miongo mingi kuuondoa mkono huo mahali pale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ofisa wa Poland aliyekuwa uhamishoni Uingereza, Józef Kosacki, alibuni kifaa cha kutambua mabomu ya ardhini: mpini mrefu wenye duara la waya mbele, na sauti masikioni. Kilitumika El Alamein mwaka 1942. Askari aliweza kujua kilichofukiwa kabla ya kukikanyaga. Mwaka 1972, Ireland ya Kaskazini ikiwaka moto, Luteni Kanali Peter Miller wa jeshi la Uingereza alichukua fremu ya toroli la umeme akaligeuza kuwa roboti ya kuliendea bomu kwa niaba ya binadamu. Iliitwa Wheelbarrow, yaani toroli, na bado jina hilo limebaki. Kubwa katika ubunifu wake lilikuwa umbali: fundi abaki nyuma, toroli liende.

Utafiti ulio karibu zaidi nasi uko Morogoro. Shirika la APOPO lilianzia Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia Tanzania mwaka 2000, likifanya kazi na Chuo Kikuu cha Sokoine na Jeshi la Wananchi. Wataalamu wake ni panya buku, walewale ambao huku Handeni mkulima anawalaani kwa kumwibia mahindi. Panya anafundishwa kwa miezi kadhaa: akinusa baruti aina ya TNT, anasikia mlio mdogo na kupewa ndizi. Uwanjani anatembea akiwa amefungwa kamba kati ya watu wawili waliosimama mahali salama, na akinusa bomu anakwaruza udongo juu yake. Ni mwepesi mno kulilipua. Vyuma vya kawaida, misumari na vizibo vya soda, havimshughulishi, na ndiyo maana anaizidi mbio mashine inayolia kwa kila kipande cha bati. Kazi yake inaishia hapo. Panya hakati waya wowote. Anasema tu, hapa pana kitu, kisha wanadamu wanakuja na vifaa vyao, na mara nyingi wanalilipua bomu palepale lilipo.

Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Magazeti ya dunia yakamfanya steringi mara moja, na waliomfunza wakapewa aya moja mwishoni. Hata panya hakusalimika na banda umiza.

Unaweza kusema hii ni burudani tu, na mabomu yako kwa wenzetu. Lakini Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka na bonde la Pangani yakaingia Korogwe, kisha Handeni, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kubomoa madaraja ya reli. Vita vilipita kwenye njia tunazopita kwenda sokoni. Mbagala, Aprili 29, 2009, ghala la silaha lililipuka na mabomu yakatawanyika kwenye makazi ya watu. Gongo la Mboto ikafuata Februari 2011. Na Novemba 2017, kule Ngara, bomu la kurusha kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga na kuua wanafunzi watano. Taarifa za wakati ule zilisema mtoto aliliokota akidhani ni chuma chakavu.

Chuma chakavu. Hakuna mtoto wa Korogwe asiyeelewa maana yake. Skrepa ndiyo pesa ya kwanza ambayo wengi wetu tuliipata bila kuomba: unaokota, unapeleka kwenye mizani, unarudi na hela ya ubuyu. Mizani haiulizi chuma kimetoka wapi. Mtoto wa aina hiyo, ambaye macho yake yamezoea kuona thamani ardhini, ndiye tunayemwonyesha kila Jumamosi mtu mzima anayeshika bomu kwa mikono mitupu na kutoka salama.

Kiswahili chenyewe kilitangulia kutuonya. Tunasema kutegua bomu, na kitenzi hicho kimetoka kwa watega mitego: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua. Mtego huteguliwa na anayeujua. Kwa aliyetega porini hapa Uzigua, hilo halihitaji maelezo. Usiguse mtego wa mwenzio. Na wahenga waliongeza kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Leo panya mwenyewe anatusaidia kuutegua, nasi bado tunasubiri mkasi.

Ninachowaomba waandishi wetu wa filamu na hadithi ni kigumu, najua. Mtu anayekaa mbali haleti msisimko. Lakini drama ipo, tena ya kwetu. Mtoto anatoka shule, anaona chuma kizito kimechomoza kwenye kingo za mtaro. Ana njaa. Mizani iko hatua mia mbili. Anakitazama, anarudi nyuma kwa nyayo zake zilezile, anakwenda kumwita mwalimu, na ile mia tano yake anaiacha pale chini.