Mlalamikaji Aliyeshika Kielelezo: Uhakiki wa Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015

Uhakiki huu unachunguza kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, kuhusiana na mashauri ambamo mwajiri humtuhumu mfanyakazi kuiba data za taasisi. Hoja kuu ni kwamba masharti ya kifungu hicho hudhoofika pale mlalamikaji anapokuwa ndiye mmiliki wa kompyuta, mtunza kumbukumbu na mchunguzi wa kwanza.

Kabla ya sheria hiyo, mahakama zilijitafutia njia. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank Tanzania Ltd dhidi ya Le-Marsh Enterprises Ltd, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikubali machapisho ya kompyuta kama vitabu vya benki. Uamuzi huo ulifungua mlango, na kifungu cha 18 kikaweka masharti ya kuupitia. Mahakama huzingatia uaminifu wa namna data ilivyozalishwa na kuhifadhiwa, namna ukamilifu wake ulivyolindwa na namna mwanzilishi wake alivyotambuliwa.

Udhaifu unajitokeza katika dhana ya uhalisi. Dhana hiyo hukubalika katika hali tatu: mfumo ulipofanya kazi sawasawa, kumbukumbu ilipotunzwa na upande wenye maslahi kinzani na anayeitoa, au ilipotunzwa, katika shughuli za kawaida, na mtu asiye mhusika wa shauri wala aliye chini ya udhibiti wa anayeitoa. Mwajiri anayetoa kumbukumbu zake mwenyewe hana nafasi katika hali ya pili wala ya tatu. Hubaki na ya kwanza, inayohoji uzima wa mashine pekee na kuiacha kando mikono iliyoishika.

Katika shauri la Waymo dhidi ya Uber, lililofunguliwa Marekani mwaka 2017, mwajiri pia ndiye aliyeanza uchunguzi. Ilidaiwa kuwa Anthony Levandowski alipakua mafaili zaidi ya 14,000 kabla ya kuacha kazi. Hata hivyo, upande wa pili ulikuwa na uwezo wa kuajiri wataalamu na kuupinga ushahidi huo.

Uwezo huo haupo katika ofisi ndogo. Ichukuliwe mfano wa chama cha msingi cha ushirika katika kata ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, chenye kompyuta moja na nywila moja inayotumiwa na katibu, mhasibu na karani. Orodha ya wanachama ikinakiliwa kwenye flashi, kumbukumbu za mfumo zaweza kuonesha kifaa na saa, lakini haziwezi kumtaja aliyekiti. Kiongozi akiifungua kompyuta ili kujiridhisha, naye huacha nyayo zake juu ya zile zinazotafutwa.

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali. Wajibu huo utakuwa wa jina tu iwapo uzima wa mashine utatosha. Kwa hiyo, sharti la ukamilifu lisomwe kwa ukali zaidi: diski inakiliwe nzima kabla ya kufunguliwa, alama yake ya hashi ikokotolewe mbele ya mtuhumiwa au mwakilishi wake, na kila makabidhiano yaandikwe. Pasipo hayo, karani anaweza kupoteza ajira kwa kosa la yeyote aliyeijua nywila.