Vitabu Vinne na Hesabu ya Maisha



Tangu Pasaka hata leo tumesoma vitabu vinne vya Kiswahili. Viwili ni habari za maisha zilizosimuliwa na wenyewe walioishi, na viwili ni hadithi za kutungwa. Hatukuvinunua hapa Mbunya. Vilitufikia kimoja kimoja, mikononi mwa wasafiri waliotoka Kampala kwa njia ya Mahagi, na kimoja kilikuwa kimekwisha pita kwa watu wengi hata jalada lake limelegea. Hilo si baya. Kitabu kilicholegea jalada ni kitabu kilichosomwa.

Twataka kuwaambia maoni yetu, lililo jema na lenye upungufu. Na kwa kuwa vitabu hivi ni vya namna mbalimbali, tumevipima vyote kwa kipimo kimoja. Tuliuliza hivi: Mwandishi huyu anatoa hesabu gani ya maisha? Je, anajitetea tu, ama anasema kweli hata pale inapomchoma yeye mwenyewe?

Kitabu cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye Kongo ilimjua kwa jina la Tippu Tip. Mtu huyu alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Katika uzee wake alitoa habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, akazipeleka chapani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa ambamo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu.

Pengine mtauliza: Habari za mfanyabiashara wa Unguja zatuhusu nini sisi watu wa Ituri? Zatuhusu sana. Kiswahili tunachosemea sokoni na kusalia kanisani kilifika upande huu wa Kongo pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1887, Stanley alipopita katika msitu wa Ituri, alikuta humo makambi ya Wamanyema, lile la Ugarrowwa na lile la Kilonga-Longa pale Ipoto. Na mwaka ule ule Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa mfalme Leopold kwenye maporomoko ya Stanley, ndiko Kisangani ya leo. Basi huyu si mgeni. Alama za nyayo za watu wa namna yake zimo katika vinywa vyetu kila tusemapo.

Kwa usimulizi, kitabu hiki ni chema kuliko tulivyotazamia. Sentensi ni fupi, hakuna mapambo, kama mzee aketiye barazani akikumbuka safari zake. Yuko mahali anaposimulia alivyofika Utetela, akasikia kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa mtawala walitekwa wakapelekwa mbali. Basi akajifanya mjukuu wa mmoja wao, akataja nasaba kama aliyeirithi kwa bibi yake. Mtawala akasadiki, akampa nchi na pembe zake. Tulipoisoma habari hiyo tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, maana tulijiuliza: Je, wale waliompokea kama mjukuu waliiona siku gani kweli ya mambo?

Hapo ndipo upungufu ulipo. Tippu Tip anakumbuka frasila za pembe, bunduki, mizigo, na siku za safari. Lakini wapagazi, mateka na wanawake waliochukuliwa vitani hutajwa kwa wingi wao, mara chache sana kwa majina yao. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tippu Tip alikuwa na daftari la mali, na mali yake haikupotea bila habari. Daftari la watu ndilo alilolikosa. Wala hatuoni mahali anapojuta. Tunamshukuru kwa kutuachia kitabu. Lakini msomaji asifunge jalada akidhani amekwisha kusikia habari yote.

Kwa bahati njema kitabu cha pili kinajaza sehemu ya pengo hilo. Nacho ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili, kikachapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hivi hadithi ya watu wa pwani imerudi katika lugha ya watu wale wale.

Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake anadaiwa na tajiri mmoja aitwaye Aziz, na kwa kuwa hana fedha ya kulipa, anamtoa mwanawe awe rehani. Mtoto anadhani anakwenda kutembea tu na mjomba. Baadaye anachukuliwa katika msafara kwenda bara, anavuka ziwa kubwa, anaona ugonjwa, njaa na ukatili. Aliyesoma kitabu cha Mwanzo atamtambua upesi: ni Yosefu mwana wa Yakobo, aliyetiwa mikononi mwa wafanyabiashara, na mke wa tajiri anayeipasua kanzu yake yumo pia.

Tulilolipenda ni hili. Msafara ule ule ambao Tippu Tip anautazama kutoka mbele, penye bendera, Gurnah anautazama kutoka nyuma, penye mtoto asiyeulizwa neno. Wala hafanyi watu wa pwani wote kuwa wabaya, na watu wa bara wote kuwa malaika. Wasafiri wanapofika kwa mtawala Chatu wananyang'anywa mali na kupigwa; lakini Chatu naye ana lake la kusema, maana kabla yao walifika wengine waliomdhulumu. Kila mmoja ana deni la jana mkononi, na anamdai mtu asiyelikopa.

Makosa hayakosekani. Mwendo wa hadithi ni wa polepole, na wenye haraka watachoka kabla ya kufika bara. Tena Kiswahili chake ni cha pwani, na msomaji wa kwetu atakutana na maneno ambayo hayasemwi Mbunya. Ayaandike kando, amwulize mwalimu; hatajuta. Jambo lililotusumbua zaidi ni kwamba watu wa bara twawaona karibu siku zote kwa macho ya wageni wao. Anayetaka kusikia mtu wa bara akijisemea mwenyewe kwa kirefu, hatamkuta hapa.

Tumesema katika maongezi yetu kwamba si vyema kufunua mwisho wa hadithi. Mtusamehe, mwisho huu twaufunua, maana mtu wa Ituri hawezi kuupita. Kikosi cha Wajerumani kinapita na askari wake weusi. Na Yusuf, ambaye hana kwao tena, anakimbia nyuma yao. Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini. Hapa kwetu tuliwaona watoto kama yeye katika miaka ya 2002 na 2003, na bunduki zikiwa karibu sawa na vimo vyao. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, mwezi Machi 2012, ilihusu watoto hao wa Ituri. Wengi wameuliza: Mtoto anawezaje kuwafuata watu wa namna ile? Gurnah hahubiri, ila anaonyesha hatua kwa hatua jinsi mtoto aliyetolewa rehani na wakubwa anavyoishia nyuma ya askari.

Kitabu cha tatu ni cha upole zaidi: Maisha Yangu, cha Shaaban Robert wa Tanga (1909–1962). Kilitoka mwaka 1949, na baadaye kikaunganishwa na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Hapa hakuna misafara wala vita. Ni karani wa serikali anayesimulia ndoa yake, kazi yake, uhamisho wake mpaka Mpwapwa, na kifo cha mkewe Amina. Kurasa zinazomhusu Amina ni nzuri mno. Mjane hulia, nasi twajua hivyo. Lakini mwanamume aliyefiwa na mke huambiwa ajikaze, na huzuni yake humla ndani. Shaaban Robert hakuona haya kuiandika. Tena humo mmo tenzi mbili ndefu za nasaha, moja kwa binti yake na moja kwa mwanawe. Twawashauri akina baba waone jinsi baba anavyoweza kusema na binti yake kwa heshima.

Lakini kwa kipimo chetu, hata mtu huyu mwema ana upungufu. Juu ya utoto wake hasemi mengi. Na katika magomvi anayoyataja, mara nyingi yeye ndiye mwenye subira, na kosa li kwa mwingine. Pengine ilikuwa hivyo kweli. Hata hivyo msomaji hutamani kusikia walau mara moja: Siku ile mimi ndiye niliyekosa. Neno hilo moja lingetupa moyo kuliko nasaha kumi, maana sisi wasomaji tumekosa mara nyingi.

Kitabu cha nne kimetuletea ubishi. Ni Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe (1944–2020). Kilichapwa mwaka 1971, kikazuiwa shuleni kwa muda kule Tanzania, na baadaye kikawa kitabu cha kufundishia. Mzazi mmoja wa parokia yetu alipokiona mezani alituuliza kwa nini kitabu cha aibu kimepewa jina litokalo katika Litania ya Bikira Maria. Ni swali la haki, nasi twajibu.

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Kijana anamwandikia barua. Baba anaikamata, na kwa ajili ya karatasi hiyo anampiga binti yake vibaya. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume, hajui kusema nao. Anapokwenda shule mbali na nyumbani na fimbo haipo tena, anaanguka, na anaendelea kuanguka. Mwishowe anataka kutengeneza maisha yake, lakini mchumba anamwacha kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Mwandishi hafichi mambo ya mwili, na kwa sababu hiyo twasema wazi: si kitabu cha watoto wa katekisimu. Lakini hakuna ukurasa unaomfanya msomaji autamani uovu. Jina lile takatifu limewekwa ili tupime umbali kati ya yale tunayowatakia binti zetu siku ya ubatizo na yale tunayowatendea nyumbani.

Wazazi hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini Zakaria hakukunja, alivunja. Na Kezilahabi hamwachi Rosa bila lawama, wala hamwachi baba. Wote wawili wanafikishwa mbele ya Mungu, na shauri la kila mmoja linasikilizwa. Twaona mwandishi ameharakisha kidogo mwishoni, na misiba inafuatana upesi mno. Hata hivyo, kati ya vinne, hiki ndicho kilichotufanya tuulizane nyumbani maswali ambayo hatukuwahi kuulizana.

Basi tumefundishwa nini? Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliandika maisha yake zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita, na akatia humo jinsi alivyoiba matunda ya jirani akiwa kijana, tena bila njaa. Watu wamesoma Maungamo yake mpaka leo kwa sababu alijiandika katika daftari la wenye deni.

Sisi wa Ituri tunahitaji vitabu vya namna hiyo. Tangu vita ya mwaka 1999 kila upande una simulizi lake, na tumeyasikia mengi, barazani na kwenye matanga. Tukiyapima vema tutaona kwamba mengi yanafanana na kitabu cha Tippu Tip. Katika simulizi letu, wafu wetu wana majina. Wafu wa wenzetu ni idadi tu. Tunahesabu nyumba zetu zilizochomwa na ng'ombe wetu waliochukuliwa, kisha tunafunga daftari kabla ya ukurasa wa pili. Na mwenye kovu usidhani amepoa. Watoto wanaosikia nusu ya hesabu watakuja kudai nusu hiyo kwa watu wasioikopa, kama Chatu.

Wazee waliokumbuka mengi wanakufa, na walio hai wanasema hawajui kuandika vizuri. Tippu Tip hakuwa mwalimu, na maneno yake yamesomwa kwa zaidi ya miaka mia. Daftari la shule latosha, na mjukuu anayejua kuandika. Mzee aseme mambo tuliyotendewa. Kisha, hata kama ni kwa mistari michache, aseme na mambo tuliyoyatenda. Si lazima kutaja majina ya walio hai, maana kalamu nayo huweza kuwasha moto. Lakini jina la jirani wa kabila jingine aliyekufa bila kosa, liandikwe.

Anayetaka kuanza kusoma, aanze na Maisha Yangu, ni rahisi. Wazazi wachukue Rosa Mistika, wakisome wao kwanza. Wenye subira washike Peponi na Maisha ya Tippu Tip pamoja, kimoja baada ya kingine, wala wasikisome kimoja bila mwenzake. Na atakayepata nafasi ya kusoma na wengine jioni, asome kwa sauti, kisha aache watu waseme.