Kitenzi cha Maneno Mawili Mbele ya Kompyuta: Kazi Iliyobaki kwa Walimu

Kwa miaka mingi sasa wataalamu wa lugha na wa hisabati wamejitahidi kuifundisha kompyuta itambue vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, kama vile "give up", "look up" na "put out". Juhudi hizo zimesifiwa sana, na sifa zenyewe ni za haki. Makala haya yanakusudia kuzipima kwa mizani ya Kiswahili, na kuuliza swali moja: je, njia iliyofaa kwa Kiingereza yatufaa sisi? Maoni yetu ni kwamba kanuni zake hazifai kuigwa, kwa sababu kitenzi chetu hakikujengwa hivyo. Kinachofaa kuigwa ni ile kazi ya mikono iliyotangulia kanuni, na kazi hiyo ni ya walimu.

Kwanza yafaa tuielewe taabu yenyewe. Chukua sentensi mbili za Kiingereza: "He ran up the hill" na "He ran up a bill". Kwa macho, zote ni za namna moja. Lakini katika ya kwanza mtu alikimbia akipanda kilima. Katika ya pili alilimbikiza deni, wala hakukimbia. Mwalimu wa Kiingereza humwonyesha mwanafunzi tofauti kwa kulihamisha neno dogo: "He ran the bill up" inakubalika, ila kilima hakikubali kutendewa hivyo. Kompyuta haina sikio la kukataa. Huona neno na jirani yake, na majirani ni wale wale.

Taabu hii haikuanza na mashine. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kutaja kwamba maungano ya kitenzi na neno dogo ndiyo yanayowapa wageni shida kubwa kabisa. Mwaka 1925 Logan Pearsall Smith akalieneza jina ambalo Waingereza hulitumia hata leo kwa vitenzi hivyo. Mwaka 1964 W. Nelson Francis na Henry Kučera wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitoa mkusanyo wa maneno yapatayo milioni moja. Baadaye kila neno likatiwa alama ya aina yake, na lile neno dogo lililoungana na kitenzi likapewa alama yake pekee. Mwaka 1989 kundi la COBUILD huko Birmingham, chini ya John Sinclair, likatoa kamusi nzima ya vitenzi hivyo tu, iliyotokana na matini zilizokusanywa kwa kompyuta. Na bado mwaka 2002 Ivan Sag, Timothy Baldwin na wenzao waliandika kwamba misemo ya maneno mengi ni mwiba kwa kila mashine ya lugha.

Msomaji azingatie utaratibu huo. Mtunga kamusi alitangulia, mwalimu akafuata, mtia alama akaja baada yao, na mashine ikawa ya mwisho. Mashine haikuvumbua chochote, ilirithi.

Sasa tugeukie kwetu. Mtu akija na kanuni ya Kiingereza akatafute katika Kiswahili kitenzi kinachofuatwa na neno dogo, atatoka mikono mitupu. "Put out", kwa moto au taa, kwetu ni zima. "Come back" ni rudi. "Turn over" ni pindua. Lile neno dogo limemezwa na kitenzi chenyewe. Tena lugha yetu hutumia mnyambuliko pale Kiingereza kinapoongeza neno: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Kwa hiyo taabu ya Kiingereza haipo kwetu, au ipo ndani ya neno, si nje yake.

Lakini tusifurahi mapema. Sisi tunayo taabu yetu, nayo ni kitenzi kilichoungana na jina. Piga simu, piga kura, piga pasi, piga picha, piga magoti, piga mbizi, piga marufuku. Kata tamaa, kata shauri, kata rufaa. Tia sahihi, tia moyo. Kula kiapo, kula njama. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na ile ya TUKI ya mwaka 1981 zimeirundika misemo ya piga chini ya kitenzi hicho kimoja, moja baada ya nyingine, kana kwamba yote ni ya jamii moja. Huo ndio upungufu tunaotaka kuuonyesha, maana misemo hiyo haina tabia moja.

Tazama kauli ya kutendwa. Husemwa: "Kura zimepigwa," na pia "Simu ilipigwa usiku." Jina limekuja mbele likawa kiima. Lakini kwa pasi husemwa: "Nguo zimepigwa pasi." Pasi imebaki nyuma, na nguo ndizo zilizochukua nafasi ya mbele. Vivyo hivyo, "Mchezo ule umepigwa marufuku," na "Barua imepigwa chapa." Hata kiambishi cha yambwa chashuhudia jambo hilo: katika "nilizipiga pasi", zi ni ya nguo, si ya pasi. Picha nayo husimama pande zote mbili: "Picha ilipigwa jana," na "Maharusi walipigwa picha." Piga magoti na piga mbizi hazina habari na kauli hiyo, hakuna asemaye kwamba mbizi imepigwa. Kata tamaa nayo ina njia yake: asiyetaka kumtaja mtendaji husema "amekatishwa tamaa", yaani huanza kwa kutendesha ndipo aje kwenye kutendwa.

Haya si mapambo ya sarufi. Ndiyo alama ambazo kwazo msemo hutambulikana. Kompyuta inayohesabu ujirani wa maneno itakuta piga na simu mara nyingi pamoja, nayo itajua kwamba kuna uhusiano. Lakini katika "simu aliyonipigia jana" jina limetangulia, na kitenzi kimevaa viambishi vinne na mnyambuliko wa kutendea. Katika "hatujapigiana simu" kitenzi kimebadilika tena. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza hakizidi maumbo matano; cha kwetu maumbo yake huhesabiwa kwa maelfu. Mashine isiyojua kumvua kitenzi nguo zake haitamjua ni nani. Na hata ikimjua, yabaki swali la maana. "Msichana alivunja ungo": je, chombo cha kupepetea kimevunjika, au msichana amebaleghe? Hapa ujirani wa maneno ni ule ule, kama ilivyokuwa kwa kilima na deni. Lazima isomwe habari nzima.

Ni haki kutaja kwamba kazi kubwa imekwisha kufanywa, ingawa mbali nasi. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Kimmo Koskenniemi alitoa mwaka 1983 njia ya kuchambua maumbo ya maneno kwa kompyuta. Mwenzake Arvi Hurskainen akaitumia njia hiyo kwa Kiswahili, akaandika kanuni za vitenzi vyetu moja moja, na mwaka 1992 akaieleza kazi yake hadharani. Kutokana na juhudi hizo ilijengwa SALAMA, programu ichambuayo Kiswahili pamoja na misemo ya maneno mengi. Mwaka 2004 ukatoka Mkusanyo wa Helsinki wa Kiswahili wenye maneno yapatayo milioni 12 na nusu, na toleo la pili, la mwaka 2016, likafikia kiasi cha milioni 25. Hapa Makindye tunayo Barabara ya Salaama, lakini kufanana kwa majina hakujaileta kazi hiyo madarasani mwetu.

Kazi ya Helsinki ina sifa mbili kubwa. Ilianza na Kiswahili chenyewe, na ilikubali kuandika kanuni kwa subira. Upungufu wake ni kwamba chakula chake kikuu ni magazeti na vitabu. Mwanafunzi wa Kampala hakuumbwa na magazeti ya Dar es Salaam. Ana lugha nyingine kinywani, nayo haikuulizwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lenye uzito kwa Uganda. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu asipopatikana, mtoto huiuliza simu. Google iliingiza Kiswahili katika mashine yake ya kufasiri mwaka 2009, na Luganda mwaka 2022. Mashine za namna hii hufasiri "alinipigia simu" bila taabu, kwa kuwa zimeiona mara nyingi mno. Zinapokutana na msemo usio wa kila siku ndipo hurudia maana ya kitenzi peke yake, kama afanyavyo mwanafunzi mgeni.

Tena zimefunzwa kupitia Kiingereza. Wataalamu wa Makerere na wa Sunbird hapa Kampala wamefanya jambo la kushukuriwa: walitayarisha sentensi 25,000 sambamba za Kiingereza na lugha tano za Uganda, yaani Kiacholi, Kiteso, Luganda, Kilugbara na Kinyankole. Hata hivyo, Kiingereza ndicho nguzo ya katikati ambako kamba zote zimefungwa. Basi msemo usiokuwa na mwenzake katika Kiingereza hauna mlango wa kuingilia.

Wala si mashine peke yake. Sisi walimu hufanya vile vile. Tunaandika ubaoni kwamba piga ni "beat", kisha tunamtaka mtoto akariri misemo kumi isiyo na kipigo ndani yake. Katika mji huu neno hilo lina historia. Makindye pana kambi ya jeshi ambayo jina lake lilitisha katika miaka ya 1970, na wazee wengi wa hapa walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari. Mtoto akifundishwa kwamba kitenzi kikuu cha lugha hii ni kipigo, tunaithibitisha ile chuki ambayo tunadai kuiondoa.

Na dawa ilikuwa karibu. Mtoto asemaye Luganda husema nyumbani kwao "okukuba essimu", "okukuba akalulu", "okukuba ekifaananyi", "okukuba enduulu". Kitenzi okukuba ndicho piga. Simu, kura, picha na mayowe yote "hupigwa" kwao kama yanavyopigwa kwetu. Mfumo anao tayari, na hakuna haja ya kumpitisha London ili aufikie mtaa wa pili. Inabidi tumwonye tu mahali ambapo ndugu hawa wameachana: nguo kwa Luganda "hunyoshwa", okugolola, wala hazipigwi pasi, na mlangoni hugongwa, okukonkona, pale ambapo sisi twapiga hodi. Somo la namna hiyo huchukua nusu saa, na mwanafunzi hutoka akiiona lugha mpya kuwa jamaa.

Yamfaayo mwanafunzi ndiyo yaifaayo mashine. Mwaka 2017 watafiti wa Ulaya, katika mradi wa PARSEME, walishindanisha programu za kutambua misemo ya vitenzi katika lugha 18. Miongoni mwake hamkuwamo hata lugha moja ya Kibantu. Lugha haiingii katika shindano kama hilo kwa kuombewa. Huingia pale wenyewe wanapoleta matini zilizotiwa alama kwa mkono, msemo kwa msemo, na watu wanaojua kwa nini "nguo zimepigwa pasi" ni sahihi na "pasi imepigwa" inakwaruza sikio.

Watu hao ni akina nani kama si sisi? Kazi yenyewe haihitaji kompyuta hata moja mwanzoni. Kila mwalimu aweza kuchukua vitenzi vitano, tuseme piga, kata, tia, kula na vunja, akawaagiza wanafunzi wakusanye sentensi kutoka vitabuni, redioni na sokoni. Kila msemo uulizwe maswali manne. Je, jina laweza kuwa kiima katika kauli ya kutendwa? Je, kiambishi cha yambwa ni cha jina hilo au cha jina jingine? Ni mnyambuliko gani unaokubalika na upi unaokataliwa? Na katika lugha ya nyumbani kwa mtoto, kitenzi ni kile kile au kingine? Majibu yaandikwe katika daftari, yaletwe mbele ya chama, yajadiliwe, yasahihishwe.

Yuko atakayesema kwamba mashine za siku hizi hujifunza zenyewe, hazina haja na daftari za walimu. Hujifunza zenyewe, ndiyo, lakini kutokana na yaliyoandikwa. Kiingereza kimeandikwa kwa wingi hata mashine ikashiba. Kiswahili cha Uganda hakijaandikwa hata kidogo cha kuonja. Asiye na ghala hawezi kungoja kwamba kuku atajilisha mwenyewe. Tusipoyaandika haya, mashine itajazwa maneno ya wengine, na watoto wetu watajifunza kwayo Kiswahili kilichopinda kumfuata Mwingereza. Daftari moja ya misemo hamsini iliyopimwa vizuri, yenye Kiswahili upande mmoja na Luganda, Kiteso au Kiacholi upande wa pili, itamfaa mwalimu wa Kibuye au wa Soroti kesho asubuhi. Wataalamu wa mashine nao, wakiihitaji, wataikuta tayari.