Kiungo na Kiambishi Awali: Uhakiki wa VisualEditor katika Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, huandikwa na watu wa kujitolea, na si wote walio na ujuzi wa msimbo. VisualEditor, kihariri kilichoanza kuenezwa katika Wikipedia za lugha mbalimbali mwaka 2013, kilikusudiwa kuwapunguzia waandishi mzigo wa alama. Mwandishi huteua neno, hubofya alama ya mnyororo, huchagua ukurasa katika orodha ya mapendekezo, na kiungo huwa kimekamilika. Makala haya yanadai kwamba wepesi huo ni wa kweli, lakini haugawanyiki sawa baina ya lugha.

Chimbuko la tatizo ni la zamani kuliko kihariri chenyewe. Katika msimbo wa Wikipedia, kiungo hufungwa kwa mabano mawili ya mraba, na herufi zinazofuata mabano hayo huhesabiwa kuwa sehemu ya kiungo. Kanuni hii inawiana na Kiingereza, ambacho kwa kawaida huonyesha wingi mwishoni mwa neno. Kiswahili hunufaika nayo katika [[mkoa]]ni, lakini si katika "mikoa", kwa kuwa ngeli hujidhihirisha mwanzoni mwa neno. Hapo mwandishi hulazimika kuandika [[mkoa|mikoa]].

Kwa kutenganisha neno linaloonekana na ukurasa unaolengwa, VisualEditor kimeondoa usumbufu huo wa alama. Hata hivyo, usumbufu umehamia katika kisanduku cha kutafutia. Mapendekezo yake hutegemea zaidi herufi za mwanzo wa kichwa cha makala. Anayeteua neno "walimu" huelekezwa kwenye vichwa vinavyoanza kwa herufi hizo, ilhali makala anayoihitaji huitwa "Mwalimu". Asipobadilisha neno hilo kisandukuni, anaweza kukubali kiungo chekundu, yaani kiungo cha ukurasa usiokuwepo. Msomaji naye huamini kwamba makala hiyo haijaandikwa, kumbe ipo.

Yawezekana kujibiwa kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anajua umoja na wingi, hivyo atajirekebisha. Jibu hilo lina uzito, ila linamrudishia mwandishi mzigo uleule ambao kihariri kiliahidi kumtua.

Suluhisho la karibu halihitaji programu mpya. Ukurasa wa kuelekeza kutoka "Walimu" hadi "Mwalimu" hulifanya umbo la wingi lionekane katika mapendekezo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu tayari huonyesha maumbo ya wingi ya nomino, hivyo wanaleksikografia wanaweza kuongoza utayarishaji wa kurasa hizo.

Kwa watunga sera, funzo ni bayana. Kutafsiri vitufe na menyu hakutoshi kukifanya kihariri kuwa cha Kiswahili. Kabla ya kugharimia mafunzo ya uhariri, kihariri kinapaswa kujaribiwa kwa nomino za ngeli zote, katika umoja na wingi.