Sifa za Mkono wa Birika

Ufugaji wa kinyonga jike ndio ufundi pekee ninaoujua ambamo bahili husifiwa. Namsema kinyonga wa Yemen, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye kwao ni magharibi mwa Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, na siku hizi anafugwa majumbani Ulaya na Marekani. Huku kwetu vinyonga wamejaa vichakani na wengi wetu hatuthubutu kuwagusa, kwa hiyo habari ya mtu kumnunulia kinyonga taa yake inachekesha. Na acheke atakaye. Kazi yenyewe haina mzaha.

Jinsia yake hujulikana tangu anapoanguliwa. Dume ana kijimwiba kwenye kisigino cha mguu wa nyuma, jike hana. Ukishajua ni jike, hesabu zote hubadilika, kwani akipevuka hutaga hata kama hajawahi kuonana na dume. (Yule wa pembe tatu wa Mlima Kenya huzaa watoto hai, huyu ni wa mayai.) Kadiri anavyoshiba na kuota joto, ndivyo mayai yanavyoongezeka, hata yakapita 60 kwa mkupuo mmoja. Kalsiamu ya magamba yote hayo inatoka mwilini mwake. Kumlisha kwa huruma ni kumfupishia maisha.

Lakini akiwa mchanga bado mkono huwa wazi. Hula kila siku, vinyenje visivyozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu haba, basi naye hulishwa kwanza majani mabichi na karoti, kisha hutikiswa ndani ya poda ya kalsiamu mpaka atoke mweupe kama samaki anayesubiri kikaango. Poda peke yake haifui dafu bila vitamini D3, ambayo ngozi huitengeneza ikipata mionzi ya urujuanimno. Jua la dirishani halisaidii, maana kioo huizuia mionzi hiyo. Ndiyo sababu ya ile taa. Nayo taa ina hila yake: huendelea kung'aa machoni petu wakati mionzi imekwisha kufifia, kwa hiyo hubadilishwa kwa kufuata kalenda, si kwa kungoja iungue.

Mfugaji hodari husoma ulimi. Kinyonga mwenye afya huyaelekeza macho yote mawili kwa mdudu, mdomo ukafunguka kidogo, ncha ya ulimi ikachungulia, halafu ghafla nyenje hayupo. Kalsiamu ikipungua, ulimi hutoka kizito ukaishia njiani, na nyenje anabaki pale pale akipunga vipapasio. Mtu asiyejua husema leo hana shabaha. Ajuaye huanza kukagua taa na poda siku hiyo hiyo, kwa sababu ukingoja miguu ipinde umeshachelewa.

Maji ya bakulini kwa kawaida hayajali. Hunywa matone yaliyo juu ya majani, taratibu, kama anayatafuna, na anayenyunyizia huhitaji subira ya kusimama hapo. Sehemu nyeupe ya kinyesi chake ikigeuka rangi ya chungwa, kiu imemwingia. Akifumba macho mchana, ni mgonjwa.

Karibu na miezi sita hivi, madoa ya njano na buluu hujitokeza ubavuni. Hapo ndipo mkono unapofungwa: wadudu wachache tu, kila baada ya siku mbili au tatu, na joto la pale anapoota hushushwa hadi karibu nyuzi 27. Hii ndiyo sehemu ninayoistahi kuliko zote. Jike hushuka mpaka mlangoni mwa kizimba, jicho moja likifuata kikombe cha nyenje, na wewe unapita. Anayempenda hivi hivi tu hawezi. Lazima awe anamjua pia.

Ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30 hivi, huwekwa mapema, kwani jike asiye na pa kuchimba anaweza kuyazuia mayai hadi yamkwame. Akichimba asitazamwe. Akigundua kuna mtu hulitelekeza shimo, kwa hiyo wafugaji hutundika shuka mbele ya kizimba na watoto wa nyumba hufukuzwa chumbani. Akionekana kuishiwa nguvu, amekaa chini macho yamefumba na mayai hayajatoka, hapo si pa kujaribu dawa za kuambiwa: apelekwe kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, siku ile ile.

Akimaliza kutaga hutoka amekonda, tope hadi kwenye kishungi. Hapo hunyweshwa kwa muda mrefu na kulishwa bila kupimiwa kwa siku chache, poda ikiongezwa, kisha ratiba ya zamani inarudi.