Fujo Zisizokwisha: Kezilahabi na Ndoto ya Kijiji

Wahakiki wengi wamezoea kumwita Euphrase Kezilahabi mwandishi aliyekata tamaa. Neno hili tumelikariri tangu kidato cha tano, na kwenye mtihani linatupatia maksi. Mimi nasema ni neno la kivivu. Ukiisoma Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ukiwa Nansio, katika kisiwa kilekile cha Ukerewe alikozaliwa msanii huyu mwaka 1944, utaona kwamba swali lake kubwa si kama maisha yana maana au hayana. Swali lake ni la kisiasa hasa: je, yawezekana kujenga jamii ambamo watu hawagombani?

Wapo waliojibu kwamba yawezekana. Thomas More alijenga nchi ya namna hiyo mwaka 1516, akaiweka kisiwani (kisiwa tena, wenzangu wa Ukerewe!). Kwetu Shaaban Robert aliandika Kusadikika (1951), ambamo Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa maneno matupu mpaka anashinda. Kwa Shaaban mgongano ni ugonjwa, na hoja nzuri ni dawa yake. Kezilahabi aliijua dawa hiyo vizuri, kwani tasnifu yake ya uzamili ya 1976 ilihusu riwaya za Shaaban. Lakini katika riwaya yake mwenyewe hakuna baraza la kumsikiliza mtu. Tumaini anatapanya mali ya urithi, anahangaika, mwisho anatulia na kuwa mkulima mkubwa upande wa Shinyanga. Azimio la Arusha la Februari 1967 linamkuta hapo na shamba linatakiwa. Anamwua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kufa.

Msomaji wa Kitanzania hawezi kupita hapo bila kukumbuka Isimani, Desemba 25, 1971, Saidi Mwamwindi alipomwua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu. Sisemi riwaya ni nakala ya tukio lile. Ninachosema ni kwamba chanzo cha mgongano ni kilekile, nacho kimo ndani ya falsafa yenyewe. Katika maandishi yake ya 1962 kuhusu Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ujamaa wetu haukuanzia kwenye vita vya matabaka. Ulianzia kwenye jamaa, watu waliojiona ndugu. Ni wazo zuri kweli, nami bado linanigusa. Sasa basi, ukishasema jamii yetu kwa asili haina mgongano, utamweka wapi mtu anayekataa? Hana nafasi. Ataitwa mnyonyaji, ataitwa kupe, na kupe hujadiliwi naye. Ndoto isiyo na mahali pa kuwekea ugomvi huulazimisha ugomvi uje na bunduki.

Likizo iliyopita nilimsomea baba mkubwa sura za mwisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo kijana alikuwa na shamba tu, hakuwa na majirani." Sijapata kusoma uhakiki mkali zaidi ya huo. Ni kweli, Tumaini hana watu nyuma yake; mwandishi anamsukuma kwenye mauaji haraka mno, kama anayetaka kufunga kitabu. Mwanasiasa katika Tumaini hatumwoni akikua. Hapa naona kasoro ya kifani, wala nisiifiche kwa kuiita udhanaishi.

Gamba la Nyoka (1979) iko makini zaidi kwa sababu inavihamisha vijiji vizima, Kisole na Bucho, na wasomi Mambosasa na Mamboleo wamo katikati ya purukushani. Huko wanaogombana ni watu wengi wenye sababu mbalimbali: woga, dini, mali, mazoea. Nafikiri pia juu ya Ukara, jirani zetu hapa, ambao kabla hata ya Azimio walikuwa wanalima kila kipande cha ardhi na kufungia ng'ombe ndani ili wapate samadi. Watu waliobanana namna ile ungewafundisha nini juu ya kuishi pamoja?

Wapo watakaosema, basi Kezilahabi aliupinga ujamaa, na historia imempa haki. Haraka hiyo! Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi, soko likaingia, viwanda vya sangara vikajengwa Mwanza. Fujo zilikwisha? Nenda mwaloni ukaone wavuvi wanavyokimbizana na doria kwa sababu ya makokoro, na wenye mitumbwi wanavyozozana na vibarua wao juu ya mgawo. Kichwa cha riwaya kinasema dunia, hakisemi kijiji cha ujamaa. Ndiyo maana kitabu hiki hakijachakaa, na ndiyo maana wale wanaokishangilia kwa ajili ya soko wamekisoma nusu.