Jarida la Wanachama na Hadhira Yake: Mfano wa The Ivy Leaf

Jarida la The Ivy Leaf lilianza kutolewa mwaka 1921, miaka 13 baada ya Alpha Kappa Alpha, chama cha udugu cha wanawake Weusi wasomi, kuasisiwa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mhakiki anayelipima kwa kipimo cha gazeti la umma ataliona limejaa sifa na kupungukiwa na hoja. Hukumu hiyo haitoshi. Wengi katika hadhira yake ni wanachama waliokwisha kuhitimu na kutawanyika. Kwao, habari za matawi na tanzia za waliofariki ndizo zinazoudumisha udugu nje ya chuo. Aidha, katika enzi ya ubaguzi, ambapo magazeti ya Wazungu aghalabu yaliwapuuza wanawake hao, taarifa za kazi yao ya afya huko Mississippi, iliyoanza mwaka 1935, zilikuwa hifadhi ya historia yao wenyewe. Hata hivyo, sifa nazo zina mipaka. Jarida linalotunza habari za ushindi pekee humnyima mwanachama wa kesho sababu za kushindwa, naye huzihitaji zaidi.